Chumba cha Mwisho, Ghorofa ya Tatu

Jumamosi ile ilianza kama nyingine zote. Mtoto wa shangazi yangu, ambaye tunamwita Gundi kwa sababu vidole vyake havikosi gundi, alifuta meza ya kulia chakula akapanga mji wetu: mitaa ya kadibodi, vichochoro, kuta zilizobomoka. Tulikuwa tukiupigania mji huo tangu mwanzo wa mwaka. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulianzia tulipoishia. Askari aliyekufa hakurudi. Nyumba iliyoanguka haikujengwa tena.

Gundi alilinda mji. Rafiki yake Ticha, mwalimu wa fizikia, alishambulia. Mimi nilisimamia sheria. Waliniita Jaji, na hawakuwa wakinisifu. Nilipima hatua za vijiaskari vya plastiki kwa rula, na zikizidi hata kidogo, nilivirudisha.

Siku hiyo katikati ya mji, pale tulipozoea kuweka maboksi ya maziwa, palikuwa na jengo jipya. Ghorofa tano, ngazi nyembamba kama meno ya kitana, milango inayofunguka, paa na sakafu za kunyanyua.

"Heh! Maboksi ya maziwa yamekwenda wapi?" Ticha akauliza.

"Yamestaafu," Gundi akajibu. Hakucheka.

Atakayelishika jengo hilo, mji ni wake. Sheria ya vyumba ilikuwa rahisi. Askari akifika mlangoni, anarusha dadu. Ikija sita, ndani kuna raia. Ama unamtoa na kupoteza zamu yako, ama unatupa bomu na kusonga mbele. Raia hana pointi.

Ticha akapanda ghorofa kwa ghorofa, huku akiimba kwa mluzi. Vyumba vyote vitupu. Akafika ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho.

Sita.

"Dadu iligonga kikombe," akalalamika. Ni kweli iligonga. Nikamruhusu arudie.

Sita.

Nikabadilisha dadu. Nikaikagua pande zote kabla ya kumpa.

Sita.

"Jamaa kang'ang'ania kwake," Ticha akasema. "Kodi kalipa huyu."

Ndipo tuliposikia mlio wa kugonga. Mdogo, mkavu, kama mtu anagonga bomba kwa kijiko, mbali sana. Nikadhani ni majirani wa juu. Nikainua macho. Gundi hakuinua. Alikuwa ameinama juu ya jengo, ametega sikio.

"Mtoe," akanong'ona. "Mtoe tu, ndugu yangu. Upoteze zamu."

"Nipoteze zamu, wewe ulete vifaru vyako? Miezi yote hii? Thubutu!" Ticha akanigeukia. "Jaji, sheria inasemaje?"

Mlio ukaendelea. Sasa ulitoka mezani. Nilijua unatoka mezani. Ukitaka niseme ukweli, niliuhisi kwenye kiwiko changu, kupitia mbao. Lakini nimezoea kujibu ninachoulizwa.

"Inaruhusu," nikasema.

Ticha akatupa bomu.

Mlio ukakatika. Haukufifia. Ulikatika, kama mkono ulioshikwa ukiwa hewani.

Gundi akajifunika uso.

Alitusimulia pale pale, kwa sauti ndogo, jua la alasiri likimwangaza mgongoni. Jengo la mezani lilikuwa modeli ya jengo halisi tulilolijua. Nani asiyelijua? Lilianguka mwaka juzi na watu ndani. Ofisi ya wasanifu majengo anakofanya kazi Gundi ndiyo iliyokuwa na modeli yake, aliyoitengeneza kwa mikono yake. Baada ya ajali, modeli iliwekwa wazi pale ofisini ili familia zichomeke pini kwenye vyumba walimokuwa ndugu zao, waokoaji wajue pa kuchimba. Gundi ndiye aliyeipeleka kwenye kifusi, ameipakata kwenye gari. Gari likaruka tuta. Pini moja ikadondoka.

"Nikairudisha kwa kukisia," akasema. "Niliona aibu kusema. Wakachimba pale nilipokisia, upande wa pili. Kijana wa pini hiyo walimpata mwishoni, amekwisha kufa, chumba hiki. Ana kijiko mkononi."

Gundi akafuta vidole vyake kwenye shati.

"Nilitaka mtu aingie amtoe. Hata kwa mchezo. Mtu mmoja tu amtoe."

Nilimwambia lazima amwone mama wa yule kijana, na kwamba tutakwenda naye. Nilisema hivyo kwa ukali, maana ukali ulinisaidia nisifikirie ruhusa niliyotoa.

Kesho yake mchana tukasimama mlangoni kwa yule mama, Gundi amepakata modeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni." Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho ya mtu asiyelala. Gundi alikiri yote, mpaka mwisho. Nilitarajia kilio, au kofi. Mama akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Pini nilijua," akasema. "Mwanangu mwenyewe aliniambia, kwa namna yake. Tangu nimzike, kila alasiri hunigongea ukutani, pale." Akaonyesha ukuta mtupu karibu na kitanda. "Nami humgongea. Ndivyo tunavyoishi."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Jana alasiri tulikuwa tukigongeana. Akakatika. Hajagonga tena. Wanangu, mmemfanya nini?"

Ticha akatazama viatu vyake. Gundi akanitazama mimi.

Mama akaivuta modeli mapajani. Akanyanyua sakafu za juu, akashusha kidole chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu. Akakitoa kikiwa cheusi. Tukainama kutazama. Vyumba vya pembeni vilikuwa vyeupe, safi kama karatasi mpya. Kile kimoja kilikuwa kimeungua, kuta nne, mpaka kwenye kizingiti.

Na masizi yake yalikuwa bado ya moto.