Nyuki wa Saa Nne

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alimsaidia shangazi yake kwenye banda la maua. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alitunza okidi za porini, na siku hiyo yalibaki maua mawili tu ya aina iliyokuwa ikitoweka msituni. Jioni yangenyauka.

"Ua hili ni laghai," shangazi alimwambia. "Asali halina, ila linanukia kama nyuki jike. Dume akija kuchumbia, chavua inamganda kichwani. Akidanganyika tena kwenye ua la pili, anaiacha huko, nasi tunapata mbegu. Kaa hapa, usibanduke. Akija, andika. Asipokuja, saa sita nitaihamisha mwenyewe kwa kijiti."

Chiriku alikaa. Mara akasikia wenzake wakiruka kamba nje. "Mara moja tu," alijiambia. Lakini nani aliwahi kuruka kamba mara moja? Aliporudi akihema, saa sita ilikuwa imekaribia. Alifunua daftari. Mwaka jana nyuki alikuja saa nne. Basi akaandika: "Saa nne. Amekuja. Maua yote mawili."

Shangazi alisoma, akashusha pumzi. "Afadhali! Nilikuwa roho juu." Akachukua chandarua ayafunike maua, wadudu wengine wasiyaguse.

Chiriku aliinamia ua moja. Kingo za ua zilikuwa zimeanza kujikunja. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, huenda asikanyage tena banda lile alilolipenda.

"Leo Chiriku hana neno?" shangazi alitania, huku akifunga kamba ya chandarua.

"Shangazi, ngoja! Sikumwona nyuki. Nilikwenda kucheza. Nimeandika uongo."

Shangazi hakufoka, na hilo liliuma zaidi. "Lete kijiti. Mbio! Shika chungu cha ua, kisitikisike."

Ua la kwanza lilikuwa na vidonge viwili vya chavua. Shangazi alipokitoa cha kwanza kwa kijiti, kilidondoka chini, kikapotea. Kilibaki kimoja. Chiriku alibana pumzi. Kijiti kiliingia taratibu ndani ya ua la pili, kikatoka kitupu. Chavua ilikuwa imenata.

Wiki kadhaa baadaye, kikonyo cha ua kilivimba kwa mbegu. Chiriku akapata ujasiri wa kuuliza, "Shangazi, mbona ua linadanganya na haliadhibiwi?"

Shangazi alicheka. "Uongo wa ua huleta mbegu. Uongo wako ungetukosesha. Tena lenyewe halina mdomo wa kusema kweli, mwanangu. Wewe unao, na siku ile uliutumia kabla hatujachelewa. Kesho utakaa na daftari tena."