Pingili Moja Tu

Kila Jumamosi nilimpelekea shangazi chakula cha mchana kwenye kituo cha utafiti wa mazao. Nilivua viatu langoni, nikavaa mabuti ya mpira, nikaandika jina kwenye daftari la wageni. Juu ya daftari palikuwa na bango: MBEGU YOYOTE ISITOKE NJE YA UZIO.

Nililichukia bango lile. Shamba la bibi lilikuwa limeshikwa na ugonjwa wa batobato mwaka wa tatu mfululizo: majani ya muhogo yana mabaka ya njano, yamejikunja, na mizizi haizidi unene wa kidole. Ndani ya uzio, muhogo uliopandikizwa kinasaba cha kuzuia ugonjwa huohuo ulinawiri mpaka unatia wivu.

“Shangazi, bibi atapewa lini?”

“Bado. Tunachunguza kama ni salama kwa mlaji na kwa mimea jirani.”

“Hata mwaka jana ulisema bado!”

“Na mwaka huu nasema bado. Acha kununa, ule.”

Bado, bado! Ilinichosha hiyo bado yao. Tulipomaliza kula, shangazi akaenda kunawa. Nikachomoa pingili moja kwenye fungu la miti ya muhogo iliyokatwa, nikaificha ndani ya bakuli tupu. Mlinzi alinipekua mifuko, hakukuta kitu. Nikaipanda shambani kwa bibi na kumwambia nimepewa. Ilichipua vizuri ajabu.

Wiki ya tatu shangazi alirudi nyumbani asubuhi, macho mekundu. Miti ilihesabiwa, na pingili moja ilikuwa haionekani. Mkuu wa kituo alikuwa amesimamisha jaribio zima, kazi ya miaka minne, na yeye shangazi, mwenye ufunguo, amesimamishwa pia.

Nilimkasirikia mkuu, nikalikasirikia bango, mwisho nikabaki na nafsi yangu. Nikasema yote.

“Lakini sikutoa mbegu, shangazi! Nilichukua kijiti tu.”

Bibi alimwahi kujibu. “We mtoto! Muhogo unapandwa kwa punje?”

Pingili ndiyo mbegu ya muhogo. Nililijua hilo tangu sijaanza shule, ila siku ile nilijifanya sijui.

Nilikwenda kwa mkuu kukiri mwenyewe. Mchana huohuo alikuja na wafanyakazi wawili, wakaung’oa mche pamoja na udongo wake ili wakauchome. Bibi alisimama akitazama. Ndio mche pekee uliokuwa na afya shambani kwake.

Shangazi alirudishwa kazini. Mimi nilipigwa marufuku kukanyaga kituoni.

“Haraka yako naielewa, hata mimi ninayo,” shangazi aliniambia palepale shambani. “Muhogo ule huenda ukatuokoa, huenda una kasoro tusiyoijua. Ndiyo maana tunapima bila kufichana. Tukiiba na kudanganya, siku tukitangaza kwamba ni salama, nani atatuamini?”

“Mimi, la,” alisema bibi. “Kwa leo, la.”

Akachukua jembe akaenda kung’oa mihogo yake iliyougua, nami nikamfuata.