Taja Bei Wewe

Jua lilikuwa limeshainamia mapaa ya nyumba Fundi Saa alipofunga kibanda chake na kushika njia kwenda kuangalia gari. Si gari la kupanda. Lilikuwa gari la zimamoto la kukaa kiganjani, la chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Nyumbani alikuwa nayo sitini na moja ya namna hiyo, yamejipanga kabatini kama wanafunzi mstarini. Mkewe alimwita Bwana Zimamoto.

"Nyumba hii ikishika moto," mkewe hupenda kusema, "tuna magari sitini na moja, na ndoo moja."

Aliyetangaza kuuza alikuwa mama mjane, nyumba ya mwisho nyuma ya ghala la mbao. Fundi alibisha hodi.

"Sukuma kwa bega, baba," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mlango unakwama."

Ndani mlinuka rangi iliyoungua, na majivu yaliyomwagiwa maji. Lakini hapakuwa na moto wala moshi. Yule mama alikuwa ameketi mezani, mikono yake ameifunika kwa shali mapajani. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai iliyopoa hadi ikafanya utando. Kando ya kikombe, gari.

Fundi Saa hakumaliza hata salamu.

Alilipima kwanza kiganjani. Zito, halikuwa plastiki iliyopakwa rangi kudanganya macho. Akavaa lenzi yake ya kazini. Maandishi ya ubavuni hayakupinda. Magurudumu yalizunguka bila kulalamika. Ngazi ilipanda hatua tatu, na kila hatua ikatoa mlio mdogo, tik, kama saa yenye afya. Na juu, karibu na kioo cha dereva, palikuwa na kengele ya shaba isiyozidi punje ya mtama. Ngazi kama ile na kengele kama ile alizitafuta miaka kumi na moja, kwa ajili ya gari lake alipendalo kuliko yote, ambalo lilifika kwake bila vyote viwili.

Kisha akajaribu mlango wa gari.

Haukufunguka.

Akaligeuza. Tumboni mwa gari palikuwa na nyufa nyembamba, kama tope lililokauka.

Ugonjwa wa chuma. Wakusanyaji wote wanaujua. Chuma kikichanganywa vibaya siku ya kumiminwa, kinakaa kimya miaka mingi kama mtu mzima wa afya. Halafu kinaanza kuvimba. Milango inabana. Nyufa zinatokea. Mwisho wake gari linavunjikavunjika mkononi kama biskuti. Dawa hakuna. Na sheria ni moja: ukiuona, rudisha gari, shukuru, nenda zako. Gari la namna hiyo halipewi bei.

"Unataka ngapi, mama?" Ulimi ulikuwa umeshamtangulia.

"Taja bei wewe."

"Lakini mali ni yako."

"Taja wewe, baba." Sasa alikuwa akinong'ona. "Wewe unajua."

Ti...

Kengele ilikuwa imelia. Hakuna aliyeigusa.

Angeweza kuondoka. Mguu mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni. Lakini ngazi ile... Akajiambia atachukua ngazi na kengele tu, bodi ataitupa. Tamaa haina lenzi.

"Elfu arobaini," akasema.

Yule mama akatoa mikono ndani ya shali. Akanyoosha vidole, kimoja... kimoja... kama mzazi anayehesabu watoto waliorudi nyumbani salama. Akashika kikombe. Akainywa chai ile ya baridi, na utando wake, hadi tone la mwisho, machozi yakimtiririka.

"Hela kaa nazo," alisema. "Nisamehe, baba."

Fundi Saa alidhani anamlilia marehemu mumewe. Akaaga, akabeba gari.

Ngazi haikubanduka. Alijaribu na kila kibisibisi alichokuwa nacho.

Siku ya tatu, kidole kidogo cha mkono wa kulia kiligoma kukunjuka. Aliangusha skrubu ya saa ya mteja, na hakuwahi kuangusha skrubu tangu alipokuwa mwanagenzi. Siku ya sita, vidole vinne. Juu ya ngozi zikatokea nyufa nyembamba, zisizotoa damu, zisizouma. Daktari alimpa mafuta ya kupaka. Nyumbani mlango wa kabati ukaanza kubana, kisha wa chumbani. Na kila aliposogea karibu na kabati, alisikia harufu ile. Majivu mabichi.

Aliwapelekea wakusanyaji wenzake gari walinunue, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliligeuza, akaona tumbo lake, akalirudisha kama anayerudisha kaa la moto.

"Hili halina bei, Fundi. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Alirudi kwa yule mama. Nyumba ilikuwa tupu, mlango unapepea na upepo. Jirani alikuwa akifagia.

"Amehama jioni ileile uliyokuja," jirani alisema. "Miaka mitatu nilikuwa namlisha kwa kijiko kama mtoto. Siku hiyo kafunga mizigo mwenyewe, anaimba!"

"Hakusema kitu?"

Jirani aliacha kufagia. Akaitazama mikono ya Fundi, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Alikuwa akisema anamngoja mtu wa kulitajia bei lile dude. Wajuzi walikuja, wakaona, wakaondoka. Mimi alinikataza hata kulitazama. Alinipenda, yule mama."

Fundi hakumsimulia mkewe. Alijiambia hataki kumtisha.

Wiki ya tatu vidole vyote kumi vilikuwa vimejikunja. Kibanda kilifungwa. Mchana mmoja, jua likiwa limejaa sebuleni, mkewe alikaa naye mezani kumnywesha chai. Alimfuta kidevu, akamtazama kwa muda, akaona bora amchekeshe. Akalichukua gari, akafumba jicho moja, akakunja uso kama yeye anavyokunja.

"Mmh," alisema kwa sauti nzito. "Maandishi hayakupinda. Tairi safi kabisa."

"Liweke chini, mke wangu."

"Tulia, mteja yupo kazini! Miaka ishirini na sita nafuta vumbi vitu hivi, sijanunua hata kimoja. Leo nanunua. Nakupa mia tano, Bwana Zimamoto! Na hiyo ni kwa sababu umenioa."

Ti...

Kidole kidogo cha mkono wa kulia kikanyooka.

Kisha cha pili. Kisha vyote.

"Vidole vyako!" Mkewe aliruka, akavishika, akavibusu, akacheka na kulia kwa pamoja. "Si nilikwambia yale mafuta yatafanya kazi? Ngoja... ngoja nikuongezee chai."

Akashika kikombe. Kikamponyoka, kikapasuka sakafuni.

"Mikono yangu ina baridi leo," alisema, akivisugua vidole vyake. Kimoja hakikunyooka.

Fundi Saa alijua la kufanya. Neno moja tu lilitosha, bei yoyote, naye angerudishiwa ugonjwa wake, mkewe akapona. Alikuwa nayo mdomoni. Aliitazama mikono yake juani, myepesi, mizima, mikono ya kazi.

"Elfu..."

"Elfu nini, mume wangu?"

Kabatini, magari sitini na moja yalikuwa yametulia tuli, kama yanayosikiliza.

"Hakuna kitu," alisema, akainama kuokota vipande vya kikombe, kimoja kimoja, bila kuangusha hata kimoja.