Matope Katika Meno ya Prisca

Prisca alikutwa Jumatatu asubuhi ndani ya chumba cha baridi, ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mlango, mikono ameikunja kwapani. Nyuma ya kichwa alikuwa na jeraha. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika zote.

Chumba kile hakikuwa cha nyama wala cha maua ya kusafirishwa Ulaya. Kilikuwa cha matope. Kwenye rafu yalilala mabomba ya plastiki yaliyopasuliwa kwa urefu, kila moja limejaa matope ya mikokoni, yaliyochimbwa pwani yakiwa wima vilevile kama yalivyolala ardhini. Ya juu ni ya juzi, ya chini ni ya enzi za mababu wa mababu. Wasomi huyasoma wakajua bahari ilipanda lini na ilirudi lini. Chuo chenyewe kiko huku chini ya Meru, na wanafunzi wengi hawajawahi kuiona bahari, lakini matope hayana kiburi. Yanataka baridi tu.

Inspekta Simaloi alichuchumaa mbele ya maiti.

"Kitasa cha ndani?"

"Kilivunjika mwaka jana, Afande," alijibu Koplo Elihuruma. "Wanasema waliomba fundi."

"Waliomba mpaka wakapata maiti."

Alikuwa na hasira, na hakuificha. Msichana huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, mtoto wa wakulima wa kahawa wa huko juu Akheri, na mama yake alikuwa nje akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

Daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi hakumung'unya maneno. "Pigo la kichwani halikumuua. Lilimlaza tu. Baadaye alizinduka, akagonga mlango, akakwaruza. Baridi ndiyo iliyommaliza, tena taratibu." Akavua glavu. "Kuna kitu kingine. Matope kwenye meno ya mbele. Punje tu."

"Alikandamizwa uso kwenye matope," alisema mkuu wa upelelezi wa wilaya, ambaye kwake kesi nzuri ni ile inayokwisha kabla ya chakula cha mchana. "Na aliyemkandamiza ninaye mahabusu. Mlinzi. Ufunguo ni wake, mlango kaufunga yeye, na amekiri."

Mlinzi aliitwa Lesian, Mwarusha wa Kisongo, mzee wa mvi. Simaloi alimkuta amekaa chini, pingu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakuinua uso.

"Wanasema umekiri."

"Nilifunga mimi. Kama nimefunga mimi na mtoto amekufa ndani, basi nimemuua mimi. Nikiri nini kingine?"

"Kwa nini ulifunga?"

"Profesa Aminieli aliniambia. Jumamosi jioni, ananipita na gari. Akasema, Lesian, funga kile chumba, hamna mtu. Ningechungulia, Afande. Siku zote nachungulia. Siku hiyo sikuchungulia, kwa sababu ni Profesa amesema."

"Mbona haimo kwenye maelezo yako?"

"Niliwaambia. Wakasema nisimchafue mtu mkubwa."

Mtu mkubwa alimpokea Simaloi ofisini kwake. Profesa Aminieli alikuwa na sauti ya mahubiri na picha yake mwenyewe ukutani, kijana, ameshika bomba la matope mithili ya askofu na fimbo yake. Kwa bomba lile, miaka ishirini iliyopita, alithibitisha kwamba bahari haijawahi kuvuka tuta la mchanga la kijiji cha pwani kiitwacho Mtondoo Mbili. Kwa bomba lile akawa profesa.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Tengeru. Napogoa kahawa zangu."

"Mlinzi anasema alikuona hapa."

"Mlinzi amefunga mtu ndani, Inspekta. Unategemea aseme nini?" Akapangusa macho. "Prisca alikuwa ananiita baba. Nimemlea kitaaluma."

"Bomba hilo la kwenye picha liko wapi? Sikuliona rafuni."

"Lilipelekwa maabara ya nje tangu mwaka jana."

Alijibu haraka, na Simaloi akamshukuru.

Ukumbini alimkuta Meshack, mwanafunzi mwenzake Prisca, macho mekundu. Inspekta alimuuliza swali lililokuwa likimkera tangu asubuhi: mtu anapataje punje ya matope kwenye meno ya mbele tu, na sehemu nyingine ya mdomo iwe safi?

Meshack alishangaa kwamba hilo nalo ni swali. Alimwongoza rafuni, akachota matope kwa ncha ya kidole, akayatia kati ya meno ya mbele na kuyasaga kidogo. "Hivi, Afande. Ukiuma, udongo wa mfinyanzi ni laini, mchanga mwembamba unakwaruza. Na mikoko ina chumvi. Sisi wote tunauma. Profesa ndiye aliyetufundisha, anasema ulimi haudanganywi."

"Kwa hiyo hakukandamizwa. Alikuwa kazini."

"Alikuwa anapima bomba."

"Lipi?"

Hapo ndipo kesi ilipogeuka. Simaloi alituma punje ya menoni kwa mkemia wa serikali, pamoja na sampuli ya kila bomba lililokuwa rafuni. Majibu yalipokuja, aliyasoma akiwa amesimama. Mabomba yote yalikuwa na chumvi ya bahari. Punje ya menoni haikuwa nayo. Ilikuwa na magadi na majivu ya volkano.

Simaloi alikulia kwa ng'ombe. Magadi anayajua tangu utotoni, na alijua yanapatikana wapi: kwenye maziwa ya Momella, ubavuni mwa mlima, si pwani. Jumamosi ile, basi, ndani ya chumba kile kulikuwa na bomba la matope ya huku nyumbani. Sasa halikuwepo, na bomba pekee lililokosekana rafuni lilikuwa lile la kwenye picha.

Alichukua hati ya upekuzi, akaenda Tengeru. Kahawa za Profesa hazikuwa zimepogolewa hata tawi moja. Nyuma ya banda, kuku walikuwa wakinywea maji kwenye kihori kipya: bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, limesuguliwa jivu mpaka likang'aa. Migombani, juu ya udongo mwekundu, lilimwagwa rundo la matope ya kijivu.

"Msomi mzima," alisema Koplo Elihuruma, "na bomba hakutupa."

"Ubahili tu," alisema Simaloi.

Jioni hiyo alimketisha Profesa kwenye chumba cha mahojiano, akamsomea onyo na haki zake, kisha akamwekea visahani viwili.

"Nina matope ya aina mbili na sina utaalamu. Nisaidie."

Profesa alitabasamu. Hakuna alichokipenda kuliko kuombwa msaada wa namna hiyo. Akauma ya kwanza.

"Mikoko. Mfinyanzi laini, chumvi nyingi. Haya ni ya kina kifupi."

"Na ya pili?"

Akauma. Taya likasimama.

"Endelea, Profesa. Ulimi haudanganywi."

Akakisukuma kisahani.

"Yametoka migombani kwako," alisema Simaloi. "Bomba lake wananywea kuku. Na punje yake ilikuwa kwenye meno ya Prisca, ndani ya chumba ambacho unasema halikuwemo. Ulisema bomba liko nje ya nchi."

Profesa aliomba maji. Hakupewa mpaka alipoanza kusema.

"Mwaka ule gari lilipinduka tukitoka pwani. Mabomba yote yalivunjika. Wafadhili walitaka majibu, na fedha ya kurudi hakuna. Nikaenda Momella na jembe. Matope ni matope, nilijiambia. Majibu niliyajua tayari kichwani."

"Kwa nini hukulitupa bomba miaka yote hiyo?"

"Wageni walikuja kupiga nalo picha."

"Na Mtondoo Mbili?"

"Waliambiwa tuta ni salama. Wakajenga zahanati juu yake." Akatazama visahani. "Bahari ilivuka mwaka juzi. Wodi ya wazazi ilikuwa upande wa maji."

Koplo Elihuruma aliacha kuandika. Simaloi akamwashiria aendelee.

"Prisca alikwenda kuchimba kule, akayaona makaburi madogo. Akarudi, akafungua bomba langu, akauma mbele yangu. Akasema, baba, hapa hakuna chumvi."

"Alitaka kukuumbua?"

"Hapana." Kwa mara ya kwanza sauti ya mahubiri ilimkatika. "Alisema niandike mwenyewe. Alisema yeye hatatamka neno, heshima ibaki kwangu, ila niandike upesi kwa sababu wanajenga tena palepale. Alikuwa analia. Alipogeuka kufunika bomba, nikampiga na chuma cha kuchimbia."

"Angekutunzia heshima, ukamuua."

"Ningeandika, nisingebaki na kitu. Wewe hujui kuitwa profesa ni nini."

"Sijui. Uliposema afungiwe, ulijua yuko hai?"

Profesa akapangusa midomo kwa leso.

"Profesa."

"Nilimwambia nikiwa garini. Kisha nikakumbuka nimesahau miwani nje ya chumba, nikashuka, nikafuatana na Lesian mpaka mlangoni. Prisca akawa anagonga. Mzee akaniuliza kitu gani kile. Nikamwambia ni mtambo wa baridi, umezeeka."

"Akaamini?"

"Ananiamini siku zote."

Simaloi alitoka nje akaegemea ukuta. Alitamani kesi iishie pale, kwenye sahihi ya yule mtu. Haikuishia, kwa sababu ungamo la mshtakiwa linaweza kukanwa mahakamani, na aliyesikia kugonga ni mmoja tu.

Asubuhi alimfungua Lesian pingu kwa mkono wake mwenyewe. Mzee alikuwa ameshaambiwa yuko huru, amekwisha kuvaa lubega lake vizuri, na mwanawe Kisioki alikuwa getini na pikipiki.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Nimelala nikiomba. Najua sasa kwamba mtoto yule alikuwa amekwisha kufa nilipofunga. Si ndiyo? Profesa alikuwa ameshamuua."

Simaloi alikuwa na neno moja la kumwambia, ndiyo, na mzee angekwenda Kisongo akalala usingizi. Alilishika mdomoni. Kisha akafungua jalada.

"Mzee, nahitaji ushahidi wako. Ulipokuwa mlangoni, ulisikia kitu?"

"Mtambo tu. Profesa alisema ni mtambo. Ulikuwa unagonga, gong, gong, unapumzika, unagonga tena. Nikageuza ufunguo, ndipo ukagonga kwa nguvu sana." Lesian alitabasamu, kisha tabasamu likaanza kumtoka. "Ulikuwa kama unaniita..."

Simaloi aliandika neno kwa neno. Getini Kisioki alipiga honi mara mbili kumwita baba yake, lakini mzee alikuwa ameketi tena sakafuni.