Vidole Viwili vya Bi Kidawa

Mikono mia mbili ya chuma ilikuwa ikisuka ukili wa mikeka katika karakana ya Wete, na yote mia mbili ilikunja kidole cha pete na cha mwisho kiganjani. Haikuwa na miili. Ilisimama mezani kama miche kitaluni, ikavuta ukindu na kuulaza bila kukosea. Injinia Thuwaiba aliwaeleza wageni kwa majivuno kwamba mkunjo huo ndio siri ya fundi wao, Bi Kidawa.

Ujuzi wenyewe ulichukuliwa kwa glavu-nakili, glavu nyembamba iliyosoma kila kiungo cha mkono wa bibi huyo na kuhamishia mwendo wake kwenye mashine. Bi Kidawa aliivaa miaka mitatu. Sharti lake lilikuwa moja, lile alilolelewa nalo: anayejifunza kusuka hukaa, hutazama, haulizi. Thuwaiba na wenzake walilishika barabara. Walimheshimu mno, na heshima hiyo ndiyo iliyowaponza.

Asubuhi moja alikuja Daktari Mbarouk kuagiza misala ya chumba cha kusalia cha hospitali yake. Aliitazama mikono ile, akaisahau misala. Akamwomba Bi Kidawa aweke kiganja chake juu ya meza, kilale chote. Hakikulala. Chini yake palibaki uwazi wa kupita yai.

Daktari akaeleza taratibu. Chini ya ngozi ya kiganja pana utando; kwa baadhi ya watu hunenepa ukawa kamba, na kamba ikavuta vidole polepole mpaka visinyooke tena. Dawa ipo: viwavi-tiba, vimashine vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinavyoila kamba hiyo kwa siku mbili. Lakini kiungo kikikaa kimekunjwa muda mrefu hukakamaa, na hapo hata kamba ikiliwa kidole hakirudi.

"Vingekuwa vimekunjika digrii thelathini tu," alisema, "ningevinyoosha."

Thuwaiba akafungua kumbukumbu za glavu. Digrii thelathini zilikuwamo, na tarehe yake: miaka miwili iliyopita, saa nne asubuhi. Tangu hapo glavu ilipima kila siku, thelathini na moja, arubaini, sitini, ikaziandika zote kuwa ufundi. Aliona aibu hata akashindwa kuinua macho.

Akauliza, mara ya kwanza katika miaka mitatu: "Bibi, mbona hukutwambia?"

"Hauniumi, mwanangu," alisema Bi Kidawa. "Nikisujudu tu ndiyo naona tabu, kiganja hakigusi. Nikasema moyoni, hawa wanautazama mkono wangu kutwa. Lingekuwa jambo, wangeniambia."

Kabla ya adhuhuri Thuwaiba aliandika amri ya mstari mmoja. Mikono mia mbili ikanyoosha vidole kwa pamoja, viganja vikalala bapa mezani. Bi Kidawa akaweka wake kando ya mmojawapo, akaukandamiza kwa mkono wa kushoto, kisha akaukandamiza tena.