Alternata Mpya, Waya wa Zamani

Moshi ulikuwa unafuka chini ya usukani... na mkwe wangu mtarajiwa akaruka nje kwa mlango wa abiria, akamwacha binti yangu ndani, kwenye usukani.

Akina mama wenzangu, someni mpaka mwisho.

Gari ni la marehemu mume wangu, la zamani hasa. Mlango wa dereva haufunguki kwa ndani, na moshi umeshaziba upande wa pili. Nikakimbilia kitasa cha nje. Kimegoma.

Mara namwona shemeji, mdogo wa marehemu anayeishi jirani, kafungua boneti, spana mkononi. Huyo hatukuwa tunasalimiana naye. Tangu msiba anataka gari liuzwe.

Nikamkwida shati. "Umelifanya nini gari?"

"Niache, shemeji. Nachomoa betri."

Akaichomoa. Moshi ukapungua, ukakata. Akaja, akaupiga mlango teke, kitasa kikaachia. Binti yangu akanidondokea mikononi anakohoa, kiganja kimeungua.

Na mkwe? Ng'ambo ya barabara, anajipangusa suruali.

Ni fundi umeme wa magari. Ndiye aliyetoa dainamo ya zamani, ile inayozalisha umeme wa gari, maana taa zilikuwa zinafifia kila tukisimama kwenye foleni, akafunga alternata ya kisasa. Taa zikawaka kama mchana. Nilimsifu mtaa mzima, jamani...

Akavuka, akamnyooshea shemeji kidole. Eti huyo ndiye kachezea waya, kwa sababu ya chuki.

Nikaamini. Nikamporomoshea shemeji matusi ambayo hapa siyaandiki.

Shemeji akavuta waya mmoja nyuma ya alternata. Mwembamba, ule ule wa enzi za dainamo, umeyeyuka ngozi yote hadi ndani ya dashibodi. Akasema alternata mpya inatoa umeme mwingi kuliko dainamo, na waya huo hauna ubavu wa kuubeba.

"Mbona hukuubadilisha?" akamuuliza fundi.

Fundi akaanza kujiumauma. Eti ingebidi ang'oe dashibodi nzima, na mimi nilikuwa na haraka ya gari.

Ndipo binti yangu akaongea, sauti imemkauka.

"Mama, jana alisema ananusa waya unaungua. Leo akanipa funguo. Akasema niendeshe mimi, yeye asikilizie."

Nikamgeukia fundi.

"Nilitaka kuhakikisha kwanza," fundi akasema.

Kuhakikisha. Kwa mwanangu.

Binti akavua pete, akaitupia kwenye boksi la spana la fundi. Fundi akaokota boksi na kuondoka, hata pole hakusema.

Nikamwomba shemeji radhi. Akasema radhi yangu haina kazi kwake, anataka gari liuzwe. Nikamwambia ng'o. Bado hatusalimiani.

Lakini nyie sikieni. Ukitoa dainamo ukaweka alternata, simama pale pale uone waya mpya mnene ukitandikwa hadi kwenye betri, na fyuzi yake.

Na mwanamume anayejua moto uko wapi, halafu anamkalisha mwanao hapo hapo... huyo hatengenezeki. Mtoe.