Kampuni Iliyokaa Eda

Mikono ya Khavere ilikuwa imepasuka kwa chumvi. Yeye na wenzake sita wa Kaloleni walinunua ngozi za mbuzi katika soko la Kiamaiko, wakazipaka chumvi, wakaziwamba kwenye fremu za mbao. Kazi ilinuka, lakini kiwanja kilikuwa chao. Walikuwa wamesajili kampuni. Anwani waliyompa Msajili wa Makampuni ilikuwa nyumba ya mwenyekiti, mzee Idarusi, ile ya mlango wa kijani karibu na ukumbi wa mtaa.

Mwaka wa 1986 Idarusi akafariki. Mjane wake, Bi Muhiba, akaingia eda: miezi minne na siku kumi za kutulia ndani.

Khavere akawaambia wenzake, "Mwenyekiti hayupo. Tuhamishe anwani ya kampuni, tuilete hapa kiwanjani."

Shitanda akaiangusha ngozi aliyoishika. "Wewe Khavere! Kaburi halijakauka, ushaanza kumtoa mtu kwake? Bi Muhiba aseme tunamfukuza?"

"Si kumfukuza, ndugu yangu. Ni karatasi tu."

"Basi karatasi ingoje eda iishe."

Wote wakaafiki. Khavere akaona haya, akarudi kuwamba ngozi.

Mwezi wa pili wa eda, mtu wa korti alibisha mlango wa kijani.

"Hapa ndipo ofisi ya kampuni ya ngozi?"

"Ndipo," Bi Muhiba akajibu nyuma ya pazia.

"Nina hati yao."

"Ipitishe chini ya mlango, baba."

Akaiokota. Hakujua kusoma. Akaiweka katika sanduku la bati la marehemu, juu ya miwani yake, akalifunga. Alikuwa amejiwekea nadhiri kwamba vitu vya mumewe havitaguswa na mtu mpaka eda iishe.

Eda ilipokaribia kwisha, Khavere alifika kazini asubuhi akakuta fremu zimetupwa barabarani, ngozi zimekanyagwa na punda. Jirani yao, mwenye malori, alikuwa akichimbia nguzo. Askari wa korti walimsimamia.

"Korti imeamua kiwanja ni changu," akasema. "Mliitwa, hamkuja."

"Tuliitwa lini?"

"Hati ilipelekwa kwenye anwani ya kampuni yenu."

Khavere alikimbia hadi mlango wa kijani. Bi Muhiba alifungua sanduku, akatoa hati. Haikuwa na kunjo hata moja.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani naitunza."

Jioni Khavere na Shitanda wakaenda kwa mzee Aloo, karani mstaafu wa korti.

"Kampuni ni mtu mbele ya sheria," Aloo akaeleza. "Ina jina, na ina kwao. Kwao si pale mnapowamba ngozi. Ni pale mlipoandika kwa Msajili. Barua ikifika hapo, kampuni imeipata."

"Hata kama aliyeipokea ni mjane ndani ya eda?" Khavere akauliza.

"Hata kama aliyeipokea ni paka."

Shitanda akainamisha kichwa. "Sasa tufanyeje, mzee?"

"Mwombeni hakimu aifungue kesi upya. Lakini msiweke matumaini makubwa. Na mkihama, mpelekeeni Msajili taarifa ndani ya siku kumi na nne. Jina la kampuni liandikeni nje ya mlango, lisomeke. Na ndani awepo mtu anayejua kusoma."

Waliomba. Hakimu alikataa: hati ilifika kwa kampuni, na kiwanjani ukuta wa mawe umeshasimama.

Walikodi chumba kidogo ng'ambo ya barabara. Safari hii Khavere alipeleka taarifa kwa Msajili siku ya tatu. Shitanda mwenyewe alipaka rangi kibao.

Miezi miwili baadaye korti ikaleta hati nyingine. Jirani yule sasa alikitaka hata kichochoro cha kando ya chumba, walichokuwa wakianikia ngozi. Khavere aliipokea kwa mkono wake, akaisoma akiwa amesimama. Siku ya kesi walifika wote, na kichochoro kikabaki chao.

Bi Muhiba alikuja kuwapongeza. Akakipapasa kibao.

"Kimeandikwa nini?"

"Kwamba kampuni inakaa hapa, Bi Muhiba."

Bibi akageuka, akautazama ule ukuta wa mawe ng'ambo, palipokuwa kiwanja chao.

"Na pale, pameandikwa nini?"

Khavere akachota chumvi, akaendelea kupaka ngozi.